Alama Ndogo Baada ya M

Programu ya muso yetu ilikufa Jumatatu,
saa ileile nilipomwandikisha mwanachama wa arobaini na moja.
Haikulia. Ilitoa ukurasa mtupu,
mweupe kama unga wa muhogo uliomwagika,
na akina mama wakarudi nyumbani na vitabu vya akiba kwapani
bila kujua nani anadai, nani anadaiwa.

Zihindula aliyeiandika yuko Kalemie, simu yake haipatikani.
Aliniachia mistari mia tisa,
yote myeusi, imebanana
kama nyumba za Kadutu zinavyoshikana mabega zisiteleze.
Nilisoma hadi alfajiri, mara mbili, kwa betri ya kuazima.
Macho yaliisha kabla ya betri.

Ndipo nikakumbuka kile kifaa
nilichopewa kwenye flashi na kijana mmoja wa Nguba,
kisicho na dirisha, wala kitufe, wala picha ya kubofya.
Kina jina tu, na kinangoja uandike:

    rangi muso.php > muso.html

Kabla sijameza mate
ukurasa ulikuwa umevaa.
Bluu kwa amri: kama, la sivyo, rudia.
Zambarau kwa tarakimu, yaani pesa za watu.
Kijani kwa maneno yaliyofungwa kati ya alama mbili.
Na majivu kwa yale ambayo mashine huyapita bila kupiga hodi,
maana mtu aliyaandika kwa ajili ya mtu.

Kifaa hakielewi akiba. Deni hakilijui.
Kinajua kila neno ni la ukoo gani,
kinalivika, basi.

Nikateremka pole pole.
Mstari wa mia mbili na kumi na mbili, rangi ziligeuka.
Kijani kiliachia katikati ya jina,
kikarudi baada yake, kikamiminika
chini, chini, kama udongo wa mlima siku ya mvua.
Zilizokuwa amri zikawa maneno,
maneno yakasimama uchi yakijidai amri,
hadi mwisho wa faili.

    'Cibalonza M'Nkuba'

M na alama yake: binti wa.
Mashine iliiona alama, ikadhani jina limekwisha.
Ikamkata Mama Cibalonza kwa baba yake,
ikamwacha Nkuba nje, mweusi, hana wa kumvika.
Hata ng'ombe huivaa alama hiyo shingoni
na hajawahi kugawanyika.

Nikapanda tena juu. Mstari wa tisa, kwa majivu,
Zihindula alikuwa amesema:

    // Majina ya mama zetu yana alama ndani. Tanguliza kijiti.

Miezi kumi na minne alikuwa akiniambia,
na mimi nikimpita pamoja na mashine.
Vijiti vya wengine nilishaviona kabla;
nilidhani ni kidole chake kimeteleza.

Nikaweka kimoja, kimeinama mbele ya alama, \
kama jiwe linalowekwa nyuma ya gurudumu
kwenye mteremko wa Nyawera.
Kijani kikashika. Jina likawa zima.
Umeme ukakatika, lakini nilikuwa nimehifadhi.

Alhamisi nikachapisha ukurasa ule mmoja kwa rangi,
franka elfu mbili, za mfuko wangu,
nikaubandika ukutani juu ya kasha.
Mama Cibalonza akaingia na beseni la sambaza, akalitua.
"Mimi niko wapi hapo?"
Nikamwonyesha. Akaweka kidole, bado kina magamba.
"Na hiki kimti?"
"Kinashikilia jina lisianguke."
Akasoma orodha kwa midomo, bila sauti,
M'Bashige, M'Cishugi, M'Rwizibuka,
kidole kikisimama kwenye kila kijiti.
"Wenzangu wote walikuwa nacho," akasema.
"Changu ndicho ulichosahau."

Sikuwa na la kujibu.
Akalipa mchango wa wiki mbili, noti moja moja, zimeloa,
akadai risiti yenye jina lote.